Meza Inayowakosanisha Waingereza na Wamarekani

Neno la Kiingereza "table" hufundishwa mtoto angali mdogo, kwa picha ya meza yenye miguu minne, na wengi wetu hatukurudi tena kulichunguza. Baadaye tunalikuta kwenye msimamo wa ligi na kwenye jedwali la kuzidisha bila kupata taabu, kwa kuwa sentensi yenyewe hutuonyesha maana. Hata msemo wa Waingereza wa kugeuza "tables", uliotokana na vibao vya michezo ya zamani, hautusumbui, maana Mswahili naye husema kibao kimegeuka.

Taabu imo katika kitenzi. Katika Bunge la Uingereza, ku-"table" hoja ni kuiwasilisha ili ijadiliwe, na desturi hiyo ndiyo tunayoifahamu sisi: shughuli za Bunge la Tanzania zina kipengele cha hati za kuwasilisha mezani. Kwa Wamarekani ni kinyume chake, kwani hoja ikiwekwa mezani imeondolewa kwenye mjadala. Wala si kwamba imewekwa kiporo tu. Katika Baraza la Wawakilishi na Seneti za Marekani, kura hiyo hupigwa bila mjadala, na kwa kawaida huizika hoja moja kwa moja. Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, alisimulia katika kumbukumbu zake za vita hivyo jinsi maofisa wa Uingereza walivyotaka ku-"table" waraka wa haraka, Wamarekani wakakataa kwa sababu nao waliuona ni wa haraka, wakabishana kwa muda mrefu na kwa ukali kabla ya kutambua kwamba walikuwa wanakubaliana.

Wapo watakaosema kwamba muktadha unatosha. Mimi sikubali, kwa sababu mwandishi wa habari wa Dar es Salaam au Nairobi, akisoma kwamba Seneti ya Marekani "imei-table" hoja, ataandika bila wasiwasi kwamba hoja imewasilishwa, na msomaji ataendelea kusubiri mjadala wa jambo lililokwisha kuzikwa. Kamusi nzuri zina maana zote mbili, lakini nani hufungua kamusi kutafuta neno alilolijua tangu utotoni? Kwa maoni yangu, katika barua na kumbukumbu za vikao zitakazosomwa na pande zote mbili, kitenzi hiki kiachwe kabisa: anayewasilisha aandike "submit", anayeahirisha aandike "postpone", na aliyekusudia kuizika hoja aseme hivyo waziwazi.