Aliyeugua Akili Awe Kwenye Kamati, na Alipwe

Kila Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani, mambo huwa yale yale katika kaunti nyingi za Kenya: hema, fulana, hotuba za wakubwa, kisha mtu aliyewahi kuugua anapewa kipaza sauti asimulie yaliyomkuta. Watu wanatoa machozi, wanampigia makofi, anapewa soda na nauli. Kamati ikikaa baadaye kupanga bajeti ya dawa na siku za kliniki, hakuna anayemwita. Linaniuma sana jambo hili.

Chukua suala la dawa. Haloperidol ni dawa ya magonjwa ya akili ya siku nyingi, bei yake nafuu, na hospitali zetu huitegemea. Lakini inaweza kumkaza mtu: shingo inapinda, taya linagoma, mikono inatetemeka, mate yanamtoka mbele za watu. Ndiyo maana mara nyingi huandikiwa benzhexol pia, ya kumlegeza. Nimemsindikiza ndugu yangu kliniki kwa miaka, na si mara moja tumeambiwa dirishani, "Hii ipo, hiyo nyingine kanunueni nje." Kwenye daftari la stoo, ni dawa moja tu iliyokwisha. Kwa anayeimeza, ni kushindwa kushika kikombe cha chai wanawe wakimtazama, na hapo anaziacha zote. Akirudishwa wodini amefungwa kamba, faili linaandikwa "alikataa dawa". Mtu aliyepitia hayo angewaambia wanaoagiza tangu mwanzo: msilete hii bila ile.

Angewaambia pia kwamba benchi la kliniki ya akili lisiwekwe langoni, ambapo kila anayepita anakuona.

Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, unaowahesabu pia wenye maradhi ya akili ya muda mrefu, na Ibara ya 4 inaitaka serikali iwashirikishe watu hawa katika maamuzi yanayowahusu. Wenyewe wapo, wamejipanga: shirika la USPKenya, lililoanzishwa na watu waliougua, lipo tangu 2007. Uganda nako, waliowahi kulazwa katika hospitali ya akili ya Butabika walifunzwa kuwatembelea wenzao walioruhusiwa kwenda nyumbani.

Huulizwa: je, akiugua tena akiwa kazini? Basi atapumzika, atatibiwa, atarudi, kama anavyofanya mjumbe mwenye kisukari au shinikizo la damu.

Ninachoomba ni nafasi mbili au zaidi katika kila kamati, maana mmoja peke yake humezwa, na posho sawa na ya wajumbe wengine. Kikao kiendeshwe kwa lugha anayoielewa mama wa kijijini, tusiwasikie tu wa Nairobi wenye Kiingereza chepesi. Na wateuliwe na vikundi vyao wenyewe. Tukimwachia msimamizi wa hospitali kazi hiyo, atatuletea mgonjwa asiyembishia.