Kibubu changu hakimjui mama

Novemba 2019 mama aliteleza uani Tanga, asubuhi, ndoo ya maji mkononi, akavunjika nyonga. Dada alinipigia huku Columbus, Ohio, Marekani, saa tisa usiku. Alikuwa analia huku anahesabu: picha, kitanda, chuma cha kuweka mguuni, damu, nauli ya wanaokwenda kumhudumia. Kwenye simu hiyohiyo niliyoishika sikioni mlikuwa na programu ya kazini iliyokuwa ikinikumbusha kila wiki kwamba nina dola 430 za matibabu, na kwamba Desemba 31 ikipita sijazitumia, si zangu tena. Nilipokata simu niliamini kabisa kwamba Mungu amezipanga hesabu hizi mbili zikutane.

Hazikukutana, na miaka yote hii sijaacha kulifikiria jambo hilo.

Hela zile zilikuwa kwenye kinachoitwa FSA (Flexible Spending Account), akaunti ya matibabu inayopitia kwa mwajiri. Wengi wetu tuliotoka nyumbani tunatia tiki kwenye fomu yake bila kuielewa, kwa hiyo acha nieleze inavyokwenda. Kila mwaka, mara nyingi Oktoba au Novemba, mwajiri anafungua dirisha la kuchagua bima. Hapo unaulizwa: mwaka ujao utatoa kiasi gani mfukoni mwako kwa matibabu ambayo bima hailipi? Maana hapa bima unayo, lakini ukifika kwa daktari bado unatoa chako, na vipimo vikubwa unalipa mwenyewe mpaka ufike kiwango fulani ndipo bima ianze kubeba. Unataja kiasi, kinagawanywa kwenye mishahara yako yote ya mwaka, na kinakatwa kabla kodi haijaugusa mshahara. Ukitaja dola 1,300 na unalipwa kila baada ya wiki mbili, ni dola 50 kila mshahara. Kwa mtu wa kipato kama changu, anayetozwa asilimia 12 ya kodi ya mapato na asilimia 7.65 ya makato ya uzeeni na ya Medicare, bima ya serikali ya kutibu wazee, hiyo ni kama dola 255 kwa mwaka ambazo zinabaki nyumbani kwake badala ya kwenda serikalini. Mpango wenyewe ni wa siku nyingi, msingi wake ni sheria ya kodi ya mwaka 1978. Ukomo wa kiasi unachoruhusiwa kuweka unapanda kidogokidogo: mwaka 2025 ulikuwa dola 3,300, mwaka 2026 ni 3,400.

Mimi niliposikia nikasema, kumbe ni kibubu. Hapo ndipo nilipopotea. Kibubu cha nyumbani uvunje leo au ukiache mpaka Idi ya mwakani, hela yako imo humohumo. Hiki cha huku kina tarehe. Wapo waajiri wanaoruhusu salio kidogo livuke mwaka (la 2026 halitazidi dola 680), wapo wanaokupa miezi miwili na nusu ya nyongeza, na wapo wasiotoa chochote, kwa sababu sheria haiwalazimishi. Wangu alikuwa wa kundi la mwisho. Kinachobaki kinakuwa cha mwajiri. Yaani ni jasho lako, limekatwa kwenye mshahara wako, kisha kwa kuwa hukuugua vya kutosha, linarudi kwa aliyekulipa. Nimeelezwa sababu zake mara nyingi, na bado naona si haki.

Asubuhi ile ya Novemba nikapiga simu kwa wanaoendesha hizo akaunti. Dada aliyepokea alikuwa mpole sana. Aliniuliza mama anaishi wapi. Nikamwambia Tanga, Tanzania. Akaniuliza kama ni raia wa Marekani. Nikamwambia hapana, ni mama yangu. Akanyamaza kidogo, kisha akanisomea kanuni: mtegemezi lazima awe raia wa Marekani au mkazi wa Marekani, Canada au Mexico. Kwa hiyo kama mama angekuwa anaishi Toronto, na mimi ndiye ninayebeba zaidi ya nusu ya matumizi yake, nyonga yake ingetibiwa kwa hela ile. Kwa kuwa anaishi Tanga, kwa macho ya sheria hii yeye si mtu wangu.

Nyonga yake ililipiwa na mchango. Wajomba, binamu, mwalimu wangu wa madrasa, mama muuza mihogo wa jirani, watu niliosoma nao shule ya msingi na sijawaona miaka 20. Elfu tano, elfu kumi, elfu hamsini, zote kwa simu, na shangazi akiandika majina kwenye daftari. Kwa siku mbili hela ya kuanzia ikapatikana na mama akaingia chumba cha upasuaji. Hakuna aliyeuliza mgonjwa ni mkazi wa wapi. Mimi nilituma dola 600 ambazo nusu yake nilikopa, na zile 430 zangu zikakaa palepale. Katikati ya Desemba nilinunua miwani mbili ambazo sikuwa nazihitaji, na zilizobaki zikapotea.

Lakini sitaki kuupamba mchango, maana naujua pia ukichoka. Mama alipolazwa tena mwaka uliofuata, daftari la shangazi halikujaa hata ukurasa. Watu hawakuwa wabaya. Walikuwa na wagonjwa wao, misiba yao, ada za watoto. Na yule asiye na ndugu wengi, au aliyehamia mjini juzi, mchango haumfikii kabisa. Nimekulia mtaa ambao mtu alikaa na ngiri miaka mingi akisubiri hela ya upasuaji.

Jambo lililonifungua macho lilikuja 2021. Mdogo wetu wa kike aliajiriwa serikalini kuwa mwalimu, akaingia kwenye Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Anakatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri anaongeza asilimia 3. Kwa makato hayo kadi inamhudumia yeye, mwenza wake na wategemezi hadi wanne, na katika hao wanne wazazi wanahesabika. Basi akamwandikisha mama. Tulipigiana simu ya video siku kadi ilipotoka, mama akaiinua mbele ya kamera kwa mikono miwili kama cheti cha shule.

Fikirini. Binti yake mwalimu wa shule ya msingi, mwenye mshahara ambao mimi huku naupata kwa siku chache, anaweza kumbeba mama kwa sheria ya nchi. Mimi mwenye dola siwezi. Nyumbani aliyeandika fomu alijua kwamba mtu mzima mwenye kazi ana mama. Huku aliyeandika fomu hakumwaza mama aliyebaki ng'ambo. Mtoto wangu wanamhesabu mpaka mwaka anaotimiza miaka 26, awe mwanafunzi au asiwe, hata akiwa ameshaoa. Wakati huohuo mzee wa miaka 74 aliyeuza vitumbua ili mimi nifike hapa hana mstari wa kuandikiwa jina.

Hata hivyo FSA nimeendelea nayo, na nawashauri wenzangu waendelee nayo, kwa sababu ina jambo moja ambalo sijaliona kwenye mpango wowote wa nyumbani. Kiasi ulichotaja kinakuwa chako chote kuanzia siku ya kwanza ya mwaka. Kijana wangu ana pumu. Januari 2022 alibanwa vibaya, tukakaa naye usiku mzima hospitali. Nilikuwa sijakatwa hata mshahara mmoja wa mwaka huo, lakini kadi ya FSA ililipa fungu letu lote, kisha nikakatwa polepole mpaka Desemba. Na ukiacha kazi Machi ukiwa umeshazitumia zote, mwajiri hawezi kukudai. (Kinyume chake nacho ni kweli: ukiondoka hujazitumia, kwa kawaida zinabaki kwake. Kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, nenda kwanza kwa daktari wa meno.) Nyumbani mgonjwa anatafuta hela ndipo atibiwe. Kenya walijaribu kitu cha karibu na hiki mwaka 2016 kwa M-TIBA, hela inayokaa kwenye simu na kufunguka kituo cha afya tu, na ni wazo zuri, lakini humo unatoa ulichokwisha kuweka. Kutanguliziwa mwaka mzima bila riba, siku mtoto anapokosa pumzi, ni jambo kubwa.

Jirani yangu Mkongomani, mtu wa Bukavu, tunafanya kazi ghala moja. Mwaka wake wa kwanza alitaja dola 2,000 kwa sababu aliyemsaidia kujaza fomu alimwambia ni akiba ya ugonjwa. Mwaka huo nyumba yake haikuugua. Sasa kila Oktoba tunakaa mezani kwangu na kalamu, na tunaandika kile tu tunachokijua: dawa ya kuvuta ya mtoto, miwani ya mke wangu, kusafisha meno, ziara ambazo daktari ameshazipanga. Ugonjwa tusioujua hatuupigii hesabu. Dawa za kawaida za maumivu na homa zinaingia bila cheti cha daktari tangu mwaka 2020, na pedi za hedhi pia, kwa hiyo wenye mabinti waandike. Ukienda likizo nyumbani ukatibiwa malaria, wewe au mwanao, unarudishiwa. Dai risiti yenye jina, tarehe, huduma na kiasi. Ya kwangu ilikuwa ya Kiswahili, nikaambatanisha tafsiri, wakalipa. Ila dawa uliyoibeba kutoka nyumbani kuja kuitumia huku hawalipi.

Mwaka huu nimetaja dola 1,300. Nimekaa na mke wangu tukapatana kwamba zile dola 255 ambazo kodi haikuzichukua ni za mama. Sheria inasema hela iliyo ndani ya akaunti haiwezi kumtibu mama, lakini haina neno juu ya ile iliyobaki kwenye mshahara kwa sababu ya akaunti. Zinagawanyika dola 21 na senti kwa mwezi, na naongeza zangu zifike 30. Kadi ya mdogo wangu inamfikisha mama kwa daktari. Lakini kuna siku dawa haipo dirishani, na bajaji haipokei kadi, na baada ya chuma kile hawezi kupanda daladala. Juzi dada alinitumia picha ya pakiti za dawa ya presha za miezi miwili, zimepangwa juu ya meza ya mama kando ya Msahafu wake.