Njia ya bwawani isifunge duara

Bwawa likiwa katikati ya makazi, ipo siku mtu atasimama kikaoni na kusema: tutengeneze njia ya miguu, ilizunguke lote, kila mtu afaidi. Hapo majirani hugawanyika. Kuna wanaosema maji ni ya wote na hakuna mwenye haki ya kuwafungia wenzake. Kuna wanaosema, hasa wale ambao nyumba zao zimepakana na ukingo, kwamba utulivu utakwisha na ndege watahama. Wote wana hoja. Kinachonisikitisha ni kuwaona wakibishania njia iwepo au isiwepo, huku swali zito likikosa wa kuliuliza: ipite wapi, na umbali gani kutoka majini?

Wanaoitaka njia wana sababu za kutosha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, na kutembea hakudai vifaa wala kiingilio. Mzee anayeogopa magari, mzazi anayesukuma kigari cha mtoto, anayetumia kiti cha magurudumu, wote hawa barabara haiwafai. Lakini ili njia iwe yao kweli, mwinuko wake usizidi kama sentimita 5 kwa kila mita, na uso wake uwe umeshindiliwa vizuri. Njia ya mchanga mlaini ni ya vijana tu.

Tena wapingaji husahau jambo moja: pasipo na njia watu hupita vilevile. Tazama kijia cha kujitengenezea baada ya mvua. Dimbwi linatuama katikati, wa kwanza analikwepa kwa kukanyaga majani ya pembeni. Kesho yake pembeni napo ni tope, wa pili anakwepa mbali zaidi. Baada ya msimu mmoja, kijia kilichotosha nyayo mbili kimepanuka hadi gari linaweza kupita. Udongo ulioshindiliwa kwa miguu haunywi maji, kwa hiyo maji yanateremka bwawani yakibeba mchanga na mbolea ya bustani. Fosforasi, kirutubisho kilichomo kwenye mbolea hiyo, ikizidi majini, mwani unastawi. Ukifa na kuoza unamaliza oksijeni, na samaki wanaanza kuelea. Katika bwawa la Walden, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, kingo zilimomonyoka kwa sababu ya wageni walioshuka majini popote walipotaka. Njia haikufutwa. Kandokando yake kuna uzio wa waya unaowaelekeza watu kwenye sehemu maalumu za kushukia.

Upande wa pili nao usipuuzwe. Suala la faragha, kwangu mimi, si zito kiasi hicho, kwani ua wa miti na kona moja ya njia vinaweza kulimaliza. Na jirani aliyefyeka matete yote hadi majini ili apate mandhari hana msimamo wa kuwatetea ndege. Usalama wa watoto ni jambo jingine kabisa. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa chini ya miaka 5. Njia inayoleta familia haifai kupita juu ya ukingo uliosimama wima.

Hoja nzito kuliko zote ni ya ndege. Anayeatamia ndani ya matete humvumilia mtu anayepita bila kusimama. Mtu yuleyule akisimama, akanyoosha mkono kuonyesha, ndege anainuka na mayai yanabaki wazi. Mbwa asiyefungwa kamba ni balaa zaidi, maana haendi kwa mstari. Bwawa likiwa na ukingo mmoja uliotulia, ndege huhamia upande huo. Njia ikizunguka lote, hana pa kukimbilia.

Sheria ya Sweden ya kulinda fukwe huhifadhi kwa kawaida mita 100 kutoka mstari wa maji, nchi kavu na majini pia, na madhumuni yake ni mawili kwa pamoja: watu wafike ufukweni, na viumbe wapate makazi. Bwawa la mtaani halina nafasi ya mita 100, lakini madhumuni yote mawili yanaenea hata hapo.

Kwa hiyo nasimama hapa: njia ijengwe, ila duara lisifungwe ukingoni. Penye matete mazito njia iache maji, ipite nyuma, kisha irudi mbele, au iishie kwenye jukwaa la mbao la kutazamia. Najua kuna kinachopotea. Raha ya kuzunguka na kurejea ulipoanzia huku maji yako ubavuni wakati wote ni raha ya kweli, na wanaoitamani si wabinafsi.

Kabla ya kura, majirani wachukue vigingi na kamba, wapime njia hiyo alfajiri moja ya msimu wa mvua, wapingaji na waungaji mkono pamoja. Penye maji yaliyotuama wajue patahitaji daraja la mbao, na wakubaliane nani atabadilisha mbao zikioza. Ndege wakiruka, kigingi kirudishwe nyuma hadi watulie.