Kinyama Kikikatwa, Kitiwe Fomalini Papo Hapo

Mama mdogo alikatwa kipande kidogo cha nyama, kinyama cha kupimwa, kwenye uvimbe wa titi. Kikatumbukizwa kwenye kichupa chenye maji ya dripu, kikakaa siku nne kikingoja gari la kwenda maabara. Majibu yalikuwa mstari mmoja: sampuli imeharibika, haisomeki. Ikabidi akatwe tena. "Mwanangu," aliniuliza, "kwani ile ya kwanza walikuwa hawaitaki?"

Tangu daktari Rudolf Virchow wa Ujerumani achapishe mihadhara yake mwaka 1858, patholojia, yaani elimu ya kuchunguza ugonjwa kwenye nyama ya mwili, huutafuta ugonjwa kwenye seli. Seli ikifa ndani ya mtu aliye hai, kiini chake husinyaa, humeguka au hufifia hadi kupotea, na seli nyeupe za damu hukimbilia hapo. Kila dhara lina sura yake. Kifua kikuu huacha katikati kitu kama jibini, kimezungukwa na seli za ulinzi. Kiharusi cha kukosa damu hulainisha ubongo ukawa ujiuji.

Lakini nyama iliyokwisha kukatwa nayo hufa. Vimeng'enya vyake huanza kuila, viini hufifia vilevile, na safari hii hakuna seli nyeupe itakayokuja. Mtaalamu akiitazama atashindwa kutenganisha kazi ya ugonjwa na kazi ya joto la kichupani. Fomalini, dawa ya maji ya kuzuia nyama isioze, ikiwa ya asilimia 10 na angalau mara kumi ya ujazo wa kinyama, huzishika protini zikatulia zilipo. Ndipo kinyama kigandishwe kwenye nta, kikatwe utando wa maikromita (elfu moja ya milimita) 3 hadi 5, na kutiwa rangi: viini buluu ya zambarau, kwingine waridi.

Tunalilia wataalamu na mashine, na ni kweli ni wachache. Ila hakuna darubini itakayorudisha kilichoozea njiani. Kwangu mimi, kazi ya patholojia huanza kwa aliyeshika kisu, na kama fomalini haipo mezani, asikate kwanza (isipokuwa kinyama cha kuotesha vijidudu, maana fomalini huviua). Nasi ndugu tuulize bila aibu: kimetiwa kwenye nini, kinaondoka lini, majibu tufuate wapi?

Mara ya pili mama mdogo aliuliza mwenyewe, kabla hajapanda kitandani. Nesi akamwonyesha kichupa. Jina lake lilikuwa limeandikwa ubavuni, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana.