Mzee wa Kan

Steshenari ninayofanyia kazi iko nyuma kidogo ya stendi ya Moshi, na riziki yetu yote imo kwenye flashi za watu. Mtu anapita asubuhi akienda sokoni Kiborloni, anaacha flashi, anasema "niprintie ile barua, nitaipitia nikirudi", anatokomea. Kompyuta yenyewe ni ya zamani, diski yake ilishakata roho, kwa hiyo tunaiwasha kwa Puppy Linux. Huu ni ule mfumo mdogo wa kuendeshea kompyuta ulioanzishwa na Barry Kauler wa Australia mwaka 2003: unajipakia wote kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, na mashine ya kutupwa inaanza kukimbia.

Bosi wangu, mama mwenye duka, alikuwa na ugomvi nao mmoja tu. Diski zinajipanga chini ya skrini kwa ikoni zenye sura moja: sdb1, sdc1, sdd1. Na majina hayo yanatolewa kwa kufuata nani katangulia kuonekana, si nani ni nani. Flashi iliyokuwa sdb1 asubuhi, mchana unaikuta sdd1. Ndivyo bosi alivyomprintia binti wa chuo, kwa rangi, muhtasari mzima wa kikao cha ukoo wa mtu mwingine. Binti akakataa kulipa. Bosi akanigeukia.

"Wewe si ndiye fundi? Hizo sidibii zako zitanifilisi. Nataka kila flashi ije na jina la mwenyewe na kapicha, kama kwenye simu."

Nikakaa kuandika skripti, programu fupi ya amri. Kila flashi iliyopangwa kwa FAT, mpangilio wa flashi nyingi, ina namba yake ya utambulisho, na amri ya blkid inaisoma. Nikafungua faili, namba kushoto, jina kulia, na majina akawa anayaandika bosi mwenyewe maana wateja ni wake. Skripti inasoma namba, inatafuta jina, halafu amri ya fatlabel inaliandika jina hilo ndani ya flashi. Mwisho inachagua picha: jina likiwa na MSIBA, msalaba, likiwa na NDOA, pete, KANISA, kengele. Nikaitia kwenye folda la Startup ianze yenyewe kila tukiwasha mashine. Kazi safi, nasema bila aibu.

Ila fatlabel ikagoma. Lebo ya FAT, yaani hilo jina la flashi, haizidi herufi 11, na nafasi kati ya maneno nayo inahesabiwa. Ni urithi wa enzi za DOS, mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows, jina la faili lilipokuwa herufi 8 na kiambishi cha herufi 3. Lebo inalala kwenye kitanda hichohicho. Nikamweleza bosi kwamba majina yake marefu hayatoshi, afupishe.

"Sifupishi jina la mtu. Fyeka kinachozidi. Watu wanajuana."

Nikafyeka. cut -c1-11, basi.

Ya kwanza kutoka ilikuwa flashi ya mweka hazina wa kamati ya harusi: KAMATI YA H. Dereva wa bodaboda aliyekuwa akisubiri nakala ya leseni akaisoma kwa sauti, akamalizia mwenyewe: "ya Hasara." Mweka hazina hakucheka. Nilikuja kusikia kwamba hesabu zao zilikuwa na sababu.

Ikafuata ya baba mmoja aliyetaka barua ya serikali ya mtaa kuhusu mparachichi wa jirani ulioegemea bati lake. Bosi akaandika KUONDOA MTI, herufi 11 kamili, hakuna cha kufyeka. Nikafurahi. Lakini skripti haijui Kiswahili. Inachotafuta ni N-D-O-A popote zilipofuatana, na ndani ya KUONDOA zimo. Ikoni ikaja na pete ya dhahabu inang'aa. Mke wake alikuwa amekaa pembeni.

"Baba Fulani, pete ya nani hiyo?"

Barua ya mti ilichukua dakika tano. Maelezo ya pete yaliendelea mpaka nje, na tuliyasikia mpaka walipovuka barabara.

Pete, angalau, ilibaki kwetu. Picha hukaa kwenye kompyuta iliyoipanga. Lebo haikai, lebo imeandikwa ndani ya flashi, popote flashi iendapo nayo imo. Jambo hilo mimi nilikuwa nalijua. Mzee wa kanisa hakuwa akilijua.

Huyu mzee ni mtu mzito. Ndiye anayesimama kwenye vikao vya harusi kuuliza kuna ulazima gani wa mbege, pombe yetu ya ndizi, na vijana wakimwona anakuja huficha hata soda. Jumapili hiyo alikuwa asome mapato na matumizi ya ujenzi baada ya ibada, kwa projekta, ukutani, kila mtu aone senti yake. Nami nilikuwa benchi la nyuma.

Akachomeka flashi kwenye laptopu ya usharika, ya Windows. Dirisha likafunguka ukutani, upana wa madhabahu: MZEE WA KAN (E:).

Kimya. Halafu, upande wa kwaya ya vijana, sauti ndogo:

"...gara."

Mbege, kwa sisi wa huku, ni kinywaji chenye heshima zake; ina kata yake, ina wazee wake. Kangara ni pombe isiyo na mtetezi. Kicheko kilianzia kwenye sauti ya nne kikapanda hadi ya kwanza. Mzee akashika mausi ili alifunge lile dirisha, akabofya kimraba cha katikati badala ya msalaba, dirisha likajaa ukuta mzima. Akabofya tena, likarudi. Akabofya tena. Mama mchungaji, kiti cha mbele kabisa, alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya kanga na mabega yanatikisika.

Jumatatu tulikuwa bado tunafungua mlango alipofika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani mwenye kangara hapa?"

Bosi akaingia stoo kutafuta karatasi ambazo hatujawahi kuwa nazo. Nikamkaribisha mzee kiti, nikamweleza habari za DOS na kitanda cha herufi 11. Alisikiliza yote. Akaniambia niondoe lile "WA". Nikahesabu kwa vidole: MZEE KANISA, 11 barabara. Nikaandika, nikachomoa, nikachomeka, likatokea zima na kengele yake. Akavaa miwani, akasoma mara mbili.

Macho yake yakahamia ikoni ya jirani.

"Na hii ya MAMA MCHUNG ni ya nani?"

"Ya mama mchungaji, mzee. Ameiacha tumwekee slaidi za semina ya akina mama. Mtu anaweza kusoma 'mama mchungu', kwa hiyo nayo naibadili sasa hivi."

Akanishika mkono uliokuwa kwenye mausi.

"Semina ni lini?"

"Jumamosi."

"Iache."