Begi la mlimani la mtoto: akue nalo au limtoshe leo?

Huku kwetu Mbeya ukimnunulia mtoto kitu, swali sio kinamtosha, swali ni kitamkaa miaka mingapi. Sweta la shule mikono inafunika vidole, viatu vinajazwa karatasi mbele, mtoto anaambiwa utakua navyo na kweli anakua navyo, mi mwenyewe nimelelewa hivohivo na sina kinyongo. Sasa likizo ya mwezi wa sita tulikuwa wazazi wachache tunapanga kupeleka watoto hifadhi ya Kitulo wakalale usiku mmoja kwenye mahema, baba mmoja akaja na begi la kijana wake wa miaka 10, lita 65, zipu zote nzima, kalipata mitumba soko la Mwanjelwa kwa elfu 35, anatuonyesha kwa raha zote kwamba hili ndo mpaka fomu foo. Mama mmoja akamwambia umemnunulia mtoto jeneza. Basi ubishi ukaanzia hapo na haujaisha mpaka leo.

Tusimcheke huyo baba haraka lakini, maana ana hoja na watu wanairuka. Begi la kulala porini sio la shule, mtoto analitumia labda mara tatu kwa mwaka akibahatika, kumnunulia la saizi yake leo alafu miaka miwili mbele limekataa ni hela imeenda. Na kuna jambo jingine ambalo hata mi sikulifikiria mpaka aliposema. Yale mabegi ya watoto ya lita 30 yametengenezwa na watu wa Ulaya na Marekani ambao slipingi begi lao, ule mfuko wa kulalia, ni la manyoya ya bata, ukilikunja linakuwa kama mkate, sisi je? Sisi tuna blanketi, au ile slipingi begi nene ya mitumba ambayo ukiikandamiza inakurudia usoni. Na Kitulo sio mchezo, ni juu kule mita 2,600 hivi, mwezi wa sita na wa saba asubuhi unakuta sakitu imeweka nyasi nyeupe, huwezi kumlaza mtoto na shuka. Kwa hiyo vitu vyetu ni vinene, na begi dogo zuri la kitoto linajaa kabla hujaweka sweta la pili. Hapo baba yuko sahihi kabisa.

Tatizo ni kwamba lita sio saizi. Lita ni kiasi cha vitu vinavyoingia, saizi ni urefu wa mgongo, na begi la usiku, yaani la safari ya kulala porini, limetengenezwa ule mkanda mpana wa kiunoni ubebe sehemu kubwa ya mzigo, mabega yanashikilia tu lisirudi nyuma. Mkanda unatakiwa ukae juu ya mifupa ya nyonga. Kama begi ni refu kuliko mgongo wa mtoto, mkanda unashuka kwenye makalio, haubebi kitu, mzigo wote unaning'inia mabegani, mtoto anainama mbele kama anatafuta sindano. Na mkanda wa mtu mzima ukiubana kwenye kiuno cha mtoto, yale masponji ya kulia na kushoto yanakutana mbele kabla haujakaza, umefika mwisho na bado unacheza. Yule kijana tulimvalisha palepale sebuleni, akashindwa kuangalia juu, fremu inamgonga kisogo kila akiinua kichwa. Baba yake akasema atazoea.

Kupima mgongo wala sio kazi, futikamba ya fundi cherehani inatosha. Mwambie mtoto ainamishe kichwa, utaona kifupa kimetokeza pale shingo inapokutana na mgongo, hapo ndo mwanzo. Af ashike kiuno, vidole gumba vielekee nyuma, viganja vikae juu ya mifupa ya nyonga, ule mstari katikati ya dole gumba na dole gumba ndo mwisho. Unafuata mgongo ulivyopinda, sio hewani. Yule kijana alipatikana na sentimita 34. Mabegi mengi ya watu wazima yanaanzia 40 na kitu. Hiyo tofauti ya sentimita sita na zaidi haizibwi na karatasi kama kiatu.

Mama wa jeneza naye alibanwa, kuna mtu alimuuliza hivi watoto wa Tukuyu wanaoshuka na mkungu wa ndizi kichwani na ndoo ya maji mbona hawajapinda mgongo, leo kilo tano zinakuwa shida kwa sababu tu zina zipu? Swali zuri, nililala nalo. Jibu nililopata ni kwamba mtu aliyekulia kijijini anajua hakuna anayempa mtoto wa miaka sita ndoo ya lita 20 akue nayo. Anapewa kidumu cha lita tatu. Akichangamka cha tano, baadaye lile la kumi, na bibi anamwangalia anavyotembea, akiyumba anapunguziwa. Ngata inakaa katikati ya kichwa, uzito unashuka wima juu ya uti wa mgongo, akichoka anatua. Yaani wazee walishaligawa hili, sweta wakanunua kubwa kwa sababu sweta halina uzito, dumu wakampa mtoto kwa saizi yake. Sasa begi la mlimani sisi tumeliweka kwenye kundi la sweta wakati lenyewe ni dumu. Mi hapo ndo nilihama upande, maana mwanzoni nilikuwa na baba wa lita 65.

Alafu begi kubwa halibaki wazi, huo ni ukweli wa nyumba zote. Ukiona nafasi unasogeza sufuria, unaongeza viazi, "we weka tu kwa huyu lake lina nafasi". Na likiachwa nusu ni balaa pia, vitu vinashuka chini vinalegea, kila hatua vinamvuta mtoto nyuma, kwenye utelezi ndo anakwenda chini kabisa. Hesabu yenyewe ifanye hivi. Kipimo ambacho watu wengi wanakitumia ni mtoto abebe asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wake, wengine wanafika 20 lakini mi kwa mwinuko kama wa huku siwafuati. Mtoto wa kilo 30 kwa hiyo ni kilo 3 mpaka 4 na nusu. Begi la mtu mzima la lita 65 likiwa tupu mara nyingi ni kilo 2, maji lita moja na nusu hiyo ni kilo moja na nusu, hapo umebaki na kilo moja ya nguo, slipingi begi, chakula na tochi. Haiingii, labda ale nguo. Begi dogo la kilo moja na ushee linakurudishia karibu kilo nzima, na kwa mtoto wa kilo 30 kilo moja ni nyingi.

Kuhusu kukua sasa, maana hiyo ndo roho ya ubishi. Wazazi tunaona suruali imepanda juu ya kifundo cha mguu tunajua kila kitu kimemkataa. Mwili wa mtoto akianza kubalehe unaanzia miguuni, miguu inarefuka kwanza, kiwiliwili kinafuata nyuma kwa kuchelewa. Kwa hiyo kijana anaweza kukuhama suruali mbili kwa mwaka na begi lake likawa bado linamkaa vizuri tu, ile hofu kwamba la saizi yake litamkataa kesho imekuzwa. Wasichana wanaanza mapema, wengi miaka 10 au 11, wavulana wanachelewa mwaka mmoja miwili, kwa hiyo ukiwa na binti na kijana wa umri mmoja usiwanunulie kwa kufananisha.

Na kuna njia ya katikati ambayo sokoni watu wanaipita bila kuiona. Kuna mabegi ambayo mabega yake, yaani mikanda ya mabegani, yanashuka na kupanda, ukipenyeza mkono nyuma ya sponji la mgongoni unakuta velkro ndefu au mkanda wenye ngazi ngazi, unalishusha leo unalipandisha mwaka kesho. Deuter na Osprey wanatengeneza ya watoto ya namna hiyo, na kwenye mitumba yanaangukia tu na muuzaji hajui tofauti, anauza kwa ukubwa, so begi dogo zuri unalipata rahisi kuliko dubwana. Hilo ndo begi la kukua nalo kweli. Lita 35 mpaka 45 kwa wa miaka 10 hadi 13 inatosha kabisa, lile blanketi nene lifunge nje chini kwa kamba na ulivishe nailoni. Kuna watu wanampelekea fundi viatu begi la kikubwa ashushe mikanda ya mabegani, nimeona linafanya kazi kama mgongo wa begi ni laini, kama lina fremu ngumu ni kupoteza hela ya fundi, kisogo kitagongwa vilevile.

Mvua nayo, usitegemee kitambaa cha begi hasa kama mnaenda upande wa Rungwe, Tukuyu kunanyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Rambo zilipigwa marufuku tangu Juni 2019, mi natumia ile nailoni ya ndani ya mfuko wa kinga njaa, ule wa kuhifadhia mahindi, unaichomeka ndani ya begi, vitu vyote humo, unasokota mdomo. Maji hayagusi kitu.

Wa chini ya miaka 9 au 10 mi simnunulii la usiku kabisa, si kubwa si dogo. Abebe la shule na maji yake, sweta na biskuti, mengine mzazi. Kuna baba alisema hapo unamdekeza, labda, lakini mtoto aliyeteseka safari ya kwanza ya pili haji, na hapo hata lile la elfu 35 limekuwa hasara.

Yule kijana wa lita 65 alikwenda nalo hivohivo. Kuanzia nusu ya njia baba yake alikuwa na begi moja mgongoni na lingine kifuani, na bado hajakubali, anasema subiri afike miaka 14. Na pengine kweli, akifika 14 litamkaa, ila kuna miaka minne hapo katikati.

Mi zamu yangu ni Desemba, binti ana miaka 11, mgongo sentimita 37. Nimeona begi moja soko la Sido, lina velkro nyuma, mabega yakishushwa mpaka mwisho linakaa 36, muuzaji anataka elfu 60 na najua kwa nini, kaniona nalipima. Jumamosi nilirudi na binti mwenyewe pamoja na kilo nne za viazi kwenye kiroba, maana begi tupu linamkaa kila mtu, nikavitia ndani nikamwambia tembea mpaka kwenye maduka ya vyombo urudi. Muuzaji akaniangalia akaniuliza mzee, umekuja kununua begi au kuuza viazi. Elfu 45 tukaelewana.