Bongo tunaogopa tochi, Kenya wanaogopa nini?

Dereva yeyote wa Kenya aliyewahi kuvuka Namanga kuja Arusha atakuletea malalamiko yale yale, kwamba Tanzania ukikanyaga mafuta kidogo tu kuna trafiki wa nyeupe katokea nyuma ya mti na tochi, yaani kile kipima spidi cha mkononi, anakuonyesha 57 na kibao kilisema 50, haya lipa elfu thelathini. Mtanzania naye akitoka Nairobi ana lake, kule watu wanaendesha kama wanafukuzwa, matatu inapanda pembeni kwa waenda kwa miguu ili ikwepe foleni, na polisi yupo palepale anaangalia. Basi tukajijengea imani kwamba sisi Bongo tuna nidhamu barabarani na majirani zetu hawana. Nilikuwa naiamini kabisa hii, siku hizi naiamini nusu.

Maana kwenye makaratasi hizi nchi ni pacha. Wote tunapita kushoto, wote mjini ni 50, wote basi na malori mwisho 80, mkanda, helmeti ya bodaboda, yote yapo huku na kule. Hata sheria zenyewe ni za kizee, ya kwetu ya mwaka 1973, yao ile Sura ya 403 ni ya tangu mkoloni. Tofauti inakuja kwenye nani anaisimamia na anaisimamia vipi.

Kwetu kazi kubwa tumempa trafiki. Kila kijiji kilichokaa kwenye barabara kuu kina kibao cha 50 na mahali fulani baada ya hicho kibao kuna mtu na tochi, na watu wanalalamika sana, eti kijiji chenyewe nyumba sita halafu unaniambia 50. Hapa naomba niwe upande wa kibao. Vijiji vyetu vimejipanga kwenye lami, shule iko upande huu na kisima upande ule, siku ya gulio ndio usiseme, na mtoto akigongwa na gari lililokuwa kwenye 40 anaweza akapona ila akigongwa na lililokuwa kwenye 90 mnaenda kuzika, hakuna ubishi hapo. Hizo dakika unazopoteza kwenye 50 sio za trafiki, ni za huyo mtoto. Kwa hilo tumewazidi Kenya, ambako gari dogo likishatoka mjini ni 100, barabara pana ni 110, na kwenye senta nyingi za njiani mtu anapita na spidi yake ile ile aliyotoka nayo.

Kwenye mabasi pia tuna cha kujisifia kidogo. LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa nchi kavu, wanafunga kile kifaa cha VTS kinachoonyesha basi liko wapi na linakwenda spidi gani, likizidisha linapiga kelele mpaka abiria wa siti ya nyuma wanasikia. (Abiria wengine ndio hao hao wanaomwambia dereva ongeza mzee tunachelewa, lakini tuyaache.)

Kenya nao walishakuwa na enzi zao. Mwaka 2004 waziri wao wa uchukuzi John Michuki alisimamisha matatu zote zisizokuwa na spidi gavana (kifaa cha kuzuia gari lisizidi spidi) ya 80 na mikanda, nissan abiria 14 tu, mstari wa njano ubavuni, dereva na kondakta sare. Wiki ya kwanza watu walitembea kwa miguu kwenda kazini na hakulegeza. Mpaka leo Mkenya akitaka kukwambia hapa sheria imefuatwa anasema sheria za Michuki, lakini ukiangalia vizuri hilo ndilo tatizo lenyewe, sheria ikibeba jina la mtu siku akiondoka inaondoka naye taratibu. Wakaunda NTSA, mamlaka yao ya usafiri na usalama barabarani, mwaka 2012, wakaja na alkoblo ya kupima walevi, ikapigwa mahakamani, mabasi ya usiku yakafungiwa mwisho wa 2013, yakaachiwa, yakafungiwa tena mwishoni mwa 2017 baada ya ajali ya Migaa, karibu na Sachangwan kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, iliyoua watu 36, yakaachiwa tena. Sisi tulifungia ya usiku tangu miaka ya tisini tukakaa hivyo mpaka 2023. Ukitaka kujua nani ana msimamo zaidi jibu unalo, ila nani ana akili zaidi mimi sijui, maana miaka yote hiyo mabasi yetu yalikuwa yanaondoka alfajiri moja na kukimbizana ili yafike kabla ya muda wa kusimamishwa.

Sasa twende kwenye kilichonifanya niamini nusu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2018, kwa takwimu za 2016, ilikadiria Kenya vifo 27.8 vya ajali za barabarani kwa kila watu laki moja, Tanzania 29.2. Soma tena. Sisi wenye tochi kila kijiji tulikuwa juu kidogo. Polisi wetu walikuwa wameandikisha vifo kama 3,200, shirika likakadiria zaidi ya 16,000, na Kenya pengo lao ni la aina hiyo hiyo, kwa hiyo hata ile ya "mbona taarifa za polisi zinasema sisi wachache" haisaidii.

Inakuwaje? Mimi naona tumemfundisha dereva kumuogopa trafiki, barabara yenyewe haiogopi. Angalia magari yanavyopigiana taa, anayekuja anakutahadharisha kuna tochi mbele unapoa, ukishampita huyo trafiki mita mia mbili unarudi kwenye 120 na hapo ndipo unaovateki lori kwenye mlima. Na tochi haioni kona, haioni usingizi, haioni breki za lori lililobeba tani nyingi likishuka mlima Kitonga kule Iringa.

Kenya walipoacha kumtegemea polisi ndipo walipofanya la maana. Pale Salgaa na Sachangwan kulikuwa ni kuzika tu kila mwezi, doria zilikuwepo, vibao vilikuwepo, haikusaidia mpaka walipojenga ukuta wa zege katikati kutenganisha wanaopanda na wanaoshuka. Lori likikosa breki linakwenda na ukuta, haliendi na basi la watu. Na zile stika za Zusha ndani ya matatu, zinamwambia abiria piga kelele dereva akikimbiza, kitu rahisi mpaka unacheka, lakini walipozijaribu matatu zenye stika zilikuwa na madai machache ya bima kuliko zisizokuwa nazo.

Kwa hiyo nikiulizwa nani bora nitasema chukua kibao chetu cha 50 na ukuta wao wa Salgaa. Na faini nazo tuchukue za kwao. Jedwali lao la 2016 linapanda kadiri ulivyozidisha, ukizidi kidogo ni shilingi 500 za Kenya, ukizidi sana inafika 10,000. Kwetu ni elfu thelathini ile ile, uwe umepita na 54 au umepita kijijini na 110 watoto wanatoka shule, risiti ni moja. Sasa mtu akishajua anazidi na faini haiongezeki, huyo unamwambia nini akianza kukanyaga?